Kinyago cha kagura pamoja na mama: Hamada au Kyoto?

Saidi_Hiroshima

Habari zenu wadau. Mama anakuja kunitembelea huku Hiroshima mwezi wa kumi, na ameshanionya nisimzungushe kwenye minara na maduka. Ni fundi cherehani, kazi zake zote ni za mikono. Aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, nipeleke mahali nitakaposhika kitu."

Nikatafuta, nikaona kuna karakana za vinyago vya ngoma za jadi zinazopokea wageni. Nimebaki na njia mbili: niende naye Kyoto kwenye vinyago vya Noh, ile tamthilia ya kale ya Kijapani, au tuvuke milima hadi Hamada, mkoa wa Shimane, kwenye vinyago vya Iwami Kagura, yaani ngoma ya jadi ya mahekalu ya eneo hilo la Iwami. Hamada ni karibu zaidi kwetu, lakini Kyoto ndiyo yenye jina.

Ninachotaka kujua ni je, mgeni anafanya kazi yenyewe au anapewa brashi tu apake rangi halafu apigwe picha? Mama ataona tofauti mara moja na hatafurahi. Pili, magoti yake hayamruhusu kukaa sakafuni muda mrefu. Tatu, na hili ndilo linalonipa shida zaidi: mama ni mtu wa swala tano, na nilipomtajia vinyago vya hekaluni akaniuliza, "Hayo si mambo ya mizimu?" Sikuwa na jibu. Mwenye uzoefu anisaidie.

PatasiKyoto

Karibu Saidi. Mimi najifunza kuchonga vinyago vya Noh kwa mwalimu mmoja hapa Kyoto, kwa hiyo nizungumzie upande huu tu.

Kinyago cha Noh huchongwa kwenye gogo la hinoki, aina ya mti wa saipresi, kwa patasi, polepole. Kikishapata umbo hupakwa gofun, yaani unga wa kombe za chaza uliochanganywa na gundi ya wanyama, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisuguliwa kabla ya linalofuata. Ndipo rangi inafuata. Kinyago cha kwanza cha mwanafunzi huchukua miezi. Kwa hiyo mgeni wa siku moja akikuambia amechonga kinyago cha Noh, jua amechonga sehemu ndogo au amepaka rangi kwenye umbo lililoandaliwa na fundi.

Hilo halipunguzi uzuri wa kukishika. Kinyago cha Noh ni kidogo kuliko uso wa mtu, kidevu cha mchezaji hubaki nje, na hakuna anayeona kasoro. Kile cha msichana, ko-omote, ukikiinua kidogo kinaelekea kutabasamu, na ukikiinamisha huzuni inaingia. Mbao ni ileile, kinachobadilika ni mwanga unavyoangukia mashavu. Fundi anachonga akiufikiria mwanga huo.

Kwa mama mwenye siku chache na hamu ya kumaliza kitu kwa mkono wake, ningeangalia Hamada. Kule kuna hatua ambazo mgeni anaweza kuzielewa zote kwa asubuhi moja.

Mke_wa_Iwami

Saidi mdogo wangu, hongera kwa kumpokea mama. Mimi nimeolewa hapa Hamada, na shemeji yangu anacheza kwenye kikundi cha kagura cha mtaa wetu. Ikifika vuli nyumba yetu inageuka stoo ya mavazi: majoho ya nyuzi za dhahabu kwenye kila kiti, vinyago vimepangwa juu ya kabati vikitazama chini, na harufu ya jasho la wanaume waliotoka mazoezini. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako limenigusa.

Nianze na lile ninaloliamini kuliko yote: mpeleke mama akaone ngoma kwanza, karakana ifuate. Jumamosi usiku ngoma, Jumapili asubuhi kinyago. Wageni wengi hufanya kinyume, au hawaendi kwenye ngoma kabisa. Mtu anakaa mbele ya uso mweupe wa karatasi, anaulizwa anataka zimwi, mbweha au Ebisu, mungu wa uvuvi, naye hajui hata mmoja kati yao anafanya nini. Anachagua kwa kubahatisha. Halafu anapaka rangi kwa woga, nyusi nyembamba, macho madogo, kwa sababu mezani kila kitu cha kagura kinaonekana kimezidi. Aliyeona ngoma hana woga huo. Ameona zimwi likizunguka kwa kasi mpaka joho linapepea, matoazi na filimbi vinakimbizana, na mtu wa safu ya nyuma ana kufumba na kufumbua tu kuuona ukali wa ule uso. Nyusi zile nene na macho yale ya dhahabu yamepimwa kwa ajili yake.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza ujue kwa nini vinyago vyetu ni vya karatasi. Zamani kagura ya Iwami ilichezwa na makuhani wa Shinto, dini ya jadi ya Kijapani, na vinyago vilikuwa vya mbao. Mwanzoni mwa zama za Meiji, zilizoanza mwaka 1868, serikali iliwakataza makuhani kucheza, wanakijiji wakaichukua. Mikononi mwa wavuvi na wakulima mwendo ukawa wa kasi, na kinyago kizito cha mbao kikawa adhabu kwa shingo. Mafundi wa Nagahama, mtaa wa hapa Hamada, walikuwa tayari na utaalamu wa kufinyanga wanasesere wa udongo, na karatasi bora ya mkono iitwayo Sekishu ilikuwa inatengenezwa jirani tu. Vitu hivyo viwili vikakutana.

Fundi anaanza na uso wa udongo wa mfinyanzi, uliotolewa kwenye kalibu ya plasta. Juu yake anabandika vipande vya karatasi ya Sekishu kwa uji wa wanga uliochanganywa na maji ya tunda bichi la persimoni yaliyochachushwa. Maji hayo ndiyo yanayoifanya karatasi iwe ngumu na istahimili unyevu. Vipande havikatwi kwa mkasi, vinachanwa kwa mkono ili ukingo ubaki na nyuzinyuzi zinazoshikana na za kipande cha jirani. Hapa mama atafurahi, kwa sababu ataona mara moja kwamba ukingo uliokatwa ungeacha ngazi usoni kama pindo lililoshonwa vibaya. Tabaka zinapandana, zinabonyezwa kwenye kila kunjo la pua na mdomo, kisha kila kitu kinaachwa kikauke.

Baadaye fundi anachukua nyundo ya mbao na kuuvunja udongo uliomo ndani. Anaupondaponda mpaka unamwagika wote, na karatasi inabaki peke yake, nyepesi na imara. Kila kinyago kinagharimu uso mzima wa udongo. Mimi nikiisikia ile nyundo huwa nasimama hata kama nina haraka.

Zinafuata tundu za macho na pua, gofun ileile aliyoitaja PatasiKyoto, kusugua, rangi, na mwisho nywele na ndevu, mara nyingi singa za farasi, zinazopandwa kwa vishungi.

Mgeni anapata nini katika haya? Nikuambie bila kuficha, ili mama asije akavunjika moyo. Karatasi inahitaji siku kadhaa kukauka, gofun nayo inahitaji muda wake. Kwa hiyo kwenye ziara fupi mgeni hupewa kinyago kilichokwisha kuvunjwa udongo na kupakwa nyeupe, naye anafanya rangi. Lakini rangi ndiyo inayoamua kama uso ule unaishi au umekufa. Umbo ni moja, watu kumi wakiketi meza moja wanatoka na nyuso kumi zisizo ndugu. Ukiomba mapema wakati wa kuweka nafasi, kuna mafundi watakaomwonyesha mama tabaka na udongo, hata kumwachia achane karatasi na kubandika kidogo. Omba. Hizi ni karakana za familia, si kiwanda, na fundi akijua anapokea mtu wa kazi za mikono anafurahi.

Ukipata nafasi, ongeza Misumi, ambayo iko ndani ya jiji hilihili. Kuna kituo cha karatasi ya Sekishu, Sekishu Washi Kaikan, ambapo mgeni huchota karatasi yake mwenyewe kwenye beseni kwa fremu ya mianzi. Anafanya akiwa amesimama, kwa hiyo magoti yako salama. Karatasi hii hutokana na gome la kozo, mti wa jamii ya mforsadi, na mafundi wa hapa hawaliondoi lile ganda la kijani la ndani, ndiyo maana ni ngumu kuchanika. Wafanyabiashara wa Osaka wa zamani waliandikia humo vitabu vya hesabu, na moto ukizuka walivitupa kisimani, kisha wakavitoa na kuvikausha. UNESCO iliiingiza Sekishu-banshi, aina ya karatasi hii, kwenye orodha ya urithi mwaka 2009, na 2014 ikaunganishwa na karatasi za Hon-mino na Hosokawa. Kituo cha treni ni Miho-Misumi, ila treni za pwani hii ni chache, angalia ratiba kabla hujatoka hotelini.

Saidi_Hiroshima

Dada, umenifungua macho, asante sana. Hilo la kuchana badala ya kukata nimempigia mama kumsomea, kimya kidogo, kisha akasema, "Huyo fundi anajua." Kwa hiyo Hamada imeshinda.

Bado nina lile la mizimu. Na ngoma tukaione wapi?

Mke_wa_Iwami

La mizimu acha nilijibu kama ambavyo ningemjibu mama yangu mwenyewe. Usimfiche. Kagura ni ibada ya Shinto kwa asili yake. Inachezwa kuishukuru miungu yao kwa mavuno na samaki, ndiyo maana vuli ndio msimu wake mkuu, na michezo ya mwanzo ya usiku ni ya kutakasa mahali. Ukimwambia ni burudani tu utakuwa umemdanganya, na atagundua.

Lakini mtazamaji hatakiwi kuabudu chochote. Hatainama, hatapiga makofi ya sala, hatatoa sadaka kama hataki. Atakaa kama jirani aliyealikwa kwenye sherehe ya wenzake. Karakana ndiyo nyepesi zaidi: ni meza, brashi na rangi, na kinyago anachopaka hakijawahi kuchezewa. Na mama akiona hekaluni moyo haumtulii, yapo maonyesho kwenye kumbi za kawaida. Uamuzi uwe wake. Mimi nimekaa hekaluni na watu wa dini mbalimbali na sijaona mwenyeji aliyemlazimisha mgeni jambo.

Kuona ngoma: Jumamosi usiku kuna maonyesho hapa Hamada kwenye hekalu la Sanku, na mengine Yunotsu kwenye hekalu la Tatsunogozen. Yunotsu ni mji mdogo wa chemchemi za maji moto, sehemu ya urithi wa dunia wa machimbo ya fedha ya Iwami Ginzan, kwa hiyo mnaweza kulala huko mama akaloweka magoti. Hakikisha kalenda ya wiki husika, maana vikundi hupokezana na siku nyingine kunakuwa na mabadiliko. Na kwa kuwa mnakuja mwezi wa kumi, mna bahati kubwa: ni wakati wa sherehe za vuli, na mahekalu ya vijijini huchezesha kagura tangu jioni hadi alfajiri. Watoto wanalala kwenye blanketi mbele ya jukwaa na kuamshwa joka likiingia. Hizo za vijijini ndizo ninazozipenda mimi kuliko zote, lakini kwa mama nenda na kiti cha kukunja, kwa sababu wengi hukaa chini, na nguo nzito. Usiku wa pwani hii unauma.

Kabla hamjaenda msimulie kisa cha Orochi, kwa sababu karibu kila onyesho huishia hapo. Susanoo, mungu aliyefukuzwa mbinguni, anamkuta mzee na mkewe wanalia: joka lenye vichwa vinane limekula mabinti zao saba, na limebakiza mmoja, Kushinada. Anawaambia wapike sake kali, pombe ya mchele, na kuipanga kwenye mapipa manane. Joka linakunywa, linalewa, linalala, analikata, na ndani ya mkia anakuta upanga. Jukwaani kila kichwa huwa joka zima, na kila joka ni mtu mmoja ndani ya mwili wa mianzi na karatasi wenye urefu wa mita 17 hivi, unaokunjika kama taa za karatasi, ambazo ndizo zilizompa wazo aliyeubuni. Mwaka 1970 kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka majoka mengi yalipanda jukwaani kwa pamoja, na tangu hapo huyo ndiye anayejulikana nje kuliko wote. Mwangalie mchezaji anavyokiinua kile kichwa kwa mikono huku mwili wote ukijiviringisha, na ndipo utaelewa kwa nini uzito wa kinyago si jambo dogo.

PatasiKyoto

Dada nakuheshimu, ila kwa hili la ngoma kwanza tuna maoni tofauti. Mimi nilishika patasi kabla sijakaa kwenye ukumbi wa Noh, na nilipokaa nikaona vitu ambavyo wenzangu hawakuviona: pembe ya shavu, kivuli cha kope. Mikono ilinifundisha kutazama. Mama fundi cherehani huenda akawa hivyo hivyo.

Mke_wa_Iwami

Kwa Noh nakubali, kwa sababu uso wa Noh umefanywa uwe tulivu na unahitaji jicho lililofunzwa. Kagura yetu haimsubiri mtu afunzwe. Na kuna jambo jingine: wewe unarudi karakana wiki kwa wiki, unaweza kurekebisha unachojifunza. Mama wa Saidi ana kinyago kimoja. Akikipaka kabla ya kuona ngoma, kile alichokiona usiku hakina tena pa kuingia. Kama angekuwa anakaa mwezi, ningesema apake, aone, apake tena.

Juma_Nagoya

Naomba kuuliza hapohapo. Mimi ningependa kufanya yote, udongo mpaka nywele. Haiwezekani kabisa kwa mgeni? Na kuna yeyote aliyefika Takachiho? Nasikia nako kuna vinyago.

PatasiKyoto

Takachiho iko mkoa wa Miyazaki, kule Kyushu. Kagura yao ina michezo 33, ya usiku kucha, kuanzia katikati ya Novemba hadi Februari, kwenye nyumba na kumbi za vijiji. Kwa wageni kuna onyesho fupi kila usiku saa mbili kwenye hekalu la Takachiho, michezo minne kwa saa moja. Vinyago vyao ni vya mbao, kwa hiyo ukitaka patasi elekea huko au Kyoto, na ukitaka karatasi elekea Iwami.

Mke_wa_Iwami

Juma, kufanya yote si kwamba ni marufuku, ni suala la muda wa kukauka. Ukija kukaa Hamada wiki moja au zaidi na ukaongea na fundi mapema, yawezekana mkapanga hatua kwa hatua. Usitokee mlangoni bila taarifa. Vikundi vya kagura vya Iwami ni zaidi ya mia, vyote vinahitaji vinyago vipya na matengenezo ya vile vya zamani, na kuelekea vuli mafundi huwa wamebanwa kwelikweli. Majira ya baridi baada ya sherehe ni afadhali.

Saidi_Hiroshima

Nimeshaamua: Jumamosi basi la Hiroshima kwenda Hamada, usiku ngoma, Jumapili karakana. Nafikiria nimwekee mama kinyago cha Ebisu, ni chenye kicheko na hakitishi. Na akirudi nacho nyumbani kwa ndege kitasalimika?

Mke_wa_Iwami

Basi linachukua muda wa saa mbili hivi, linavuka milima, na akae upande wa dirisha.

Usimchagulie Ebisu kwa sababu tu ni mtu mzima. Ebisu ni mzuri, anavua samaki mwekundu jukwaani na kuwarushia watu peremende, na watu wengi huku hukitundika kinyago chake nyumbani kwa baraka ya biashara. Lakini mpaka mama ameona ngoma hujui nani atamshika. Pengine atamtaka hannya, yule mwanamke aliyeota pembe kwa wivu na uchungu. Ni mgumu kupaka, kwa sababu hasira iko kwenye mdomo na huzuni iko kwenye macho, na rangi inabidi ipande polepole kutoka kidevuni hadi kwenye paji. Mtu aliyezoea kulinganisha vitambaa ataiweza. Kwa hiyo ukipiga simu waambie mgeni atachagua akifika, waandae aina mbili tatu. Taja pia meza na kiti, na uulize bei kwa ukubwa, kwa sababu kinyago kidogo cha kupamba na kikubwa kinachovalika havilingani hata kidogo.

Siku yenyewe akumbuke mambo machache. Rangi ya msingi iwe nyembamba, ikauke, aongeze. Rangi nzito ya mara moja hupasuka. Aanze na maeneo mapana, macho ayaache karibu na mwisho, akishajua uso umekuwa wa nani. Na kila baada ya muda amwombe mtu akishike kinyago kwa mbali, upande wa pili wa chumba, akiangalie kutoka hapo. Mezani anakiona kwa umbali wa fundi. Kinatakiwa kisomeke kwa umbali wa mtazamaji.

Safari ya ndege haina tatizo. Ni karatasi, haizidi uzito wa kitu chochote cha mkobani. Adui ni kugongwa, kwa sababu gofun ni unga wa kombe na hupasuka kwenye ncha ya pua na pembe. Kivishwe kitambaa laini, tundu la ndani lijazwe karatasi ili kisibonyee, kiingie kwenye boksi, na boksi aingie nalo ndani ya ndege. Nyumbani kitundikwe mbali na jua kali na jiko. Vumbi aondoe kwa brashi kavu, asikipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Karakana nyingi huzungumza Kijapani tu. Ukikwama niandikie ujumbe wa faragha, nitawapigia mimi niwaeleze kuhusu magoti ya mama na cherehani yake.

Saidi_Hiroshima

Nimekuandikia sasa hivi dada. Tarehe zimo ndani. Mama anauliza kama anaruhusiwa kuja na mkasi wake.

Mke_wa_Iwami

Nimeona tarehe, nitapiga kesho asubuhi. Mkasi aje nao kwa ajili ya singa, huwa zinapunguzwa zikishapandwa. Auweke kwenye mzigo wa chini, sio mkobani.